Utani, Vyama na Kipimo cha Mtaji wa Jamii Katika Mrima wa Tanga

Wanauchumi wamezoea kuuita mtaji wa jamii ule uaminifu na mshikamano uwawezeshao watu kutenda mambo kwa umoja. Tanzania mtaji huo ulipimwa mwaka 1995 katika vijiji 87. Deepa Narayan na Lant Pritchett, walioyachambua majibu, walihesabu vyama ambavyo kila kaya ilishiriki, wakatazama kama wanachama ni wa ukoo mmoja au mbalimbali; na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba penye vyama vingi na vyema, matumizi ya kaya nayo yalikuwa makubwa zaidi. Kazi yao ni ya heshima, wala sina nia ya kuibeza. Shaka yangu i katika neno chama.

Neno hili lina historia. Mjini Tanga, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marini na Arinoti vilikuwa vyama vya ngoma ya beni, vikishindana kwa mavazi na vyeo. Na mwaka 1922 Martin Kayamba, karani, aliasisi hapo hapo chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mfumo wa chama kimoja ulipowekwa kisheria mwaka 1965, aliyesema "Chama" tu katika bara alifahamika kuwa asema TANU, na tangu 1977, CCM. Vyama vya ushirika navyo vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Si ajabu, basi, kwamba mwanakijiji wa Muheza asikiapo neno hilo hufikiri kadi, ada na daftari.

Lakini kuna jambo lililowabeba watu wa pwani hii lisilokuwa na daftari. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yalipoenea yakajaa manamba kutoka bara ya mbali, watu wasio na ndugu hapa. Mmoja wao akifa, nani atamzika? Mara nyingi jibu lilikuwa mtani. Utani baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani ulikuwa umekwisha kujengeka tangu siku za misafara, na mtani ana wajibu msibani: huchimba kaburi, huhudumia wafiwa, huwafanyia mzaha hata machozi yakatize. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani, aliuona uzito wa jambo hili akaliandikia makala mwaka 1941 na tena 1944. (Ndege hawakumzuia kuwasikiliza watu.)

Tazama sasa sarufi yenyewe. Chama kina wingi wake, vyama, utani hauna. Mtu hawezi kuulizwa ana utani mingapi. Tena dalili yake ya nje ni matusi na kunyang'anyana vitu, mambo ambayo mgeni mwenye karatasi ya maswali angeyaandika chini ya ugomvi.

Hata hivyo sikubali kwamba haupimiki. Aulizwe mwenye nyumba habari za maziko ya mwisho kitongojini: nani alichimba kaburi, nani alileta unga na kuni, nani alikesha; na kati yao, wangapi hawakuwa wa ukoo wa marehemu, wala wa kabila lake.