Baiskeli Haiji Nzima

Ukitaja historia hapa Songea, mtu atakushika mkono akupeleke Mahenge, kwenye makumbusho ya Majimaji. Ana haki. Pale ndipo wanapokumbukwa wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mji wenyewe umebeba jina la mmoja wao, Nduna Songea Mbano. Ila nina ubishi na washikaji zangu wanaojifunza kuandika kama mimi. Kila anayeshika kalamu anaanza na vita, anamaliza na kitanzi. Miaka mia na ushei iliyofuata, watu walikaa tu wakisubiri kuandikwa? Walilima tumbaku, wakaenda mkonge, wakaoa, wakajenga, wakanunua baiskeli.

Mimi nachukua baiskeli. Na ndani ya baiskeli nachukua fremu, maana mengine yote hubadilishwa. Ringi huliwa na kutu, tairi huisha, siti huchanika, cheni huvutika mpaka inaruka meno. Fremu ndiyo inayobaki na jina. Na nikwambie, msomaji, hapa kwetu baiskeli haijawahi kuja nzima. Inakuja vipande, kisha inazaliwa mikononi mwa fundi wa hapahapa. Ilikuwa hivyo enzi za babu, na ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2025, pale fremu ya kaboni ilipoteremshwa kwenye basi la Dar.

Lakini tuanze na mkonge. Waingereza hawakuifanya Songea nchi ya mashamba makubwa, waliifanya ghala la vibarua. Vijana walitolewa huku kusini wakapelekwa Tanga, Korogwe na Morogoro kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Waliochukuliwa waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alikuwa akiingia kambini anageuka namba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Mkataba ulipokwisha alirudi na blanketi, koti, na gunia moja zito ambalo hakumruhusu mtu kulikalia ndani ya lori. Ndani ya gunia mlikuwa na Raleigh, imefunguliwa yote, fremu imeviringishwa nguo. Aliogopa wezi, na aliogopa kutozwa nauli ya mzigo mkubwa. Ilisimama tena hapa mjini, kwa fundi.

Raleigh ni jina la mtaa. Kiwanda kilianza miaka ya 1880 huko Nottingham, Uingereza, katika mtaa ulioitwa hivyo, na mtaa ukaipa baiskeli jina. Fremu yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyoingizwa kwenye viungo na kushikishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Kumbuka hilo la shaba, tutalihitaji mbele. Maana yake, fremu ikikatika Litembo au Namtumbo, mtu mwenye moto na akili anaweza kuipasha na kuiunga tena. Nottingham waliacha kutengeneza fremu mwaka 1999, na mwaka 2002 hata kuunganisha wakaacha. Fremu ya babu ipo mpaka leo.

Wale wasiokwenda mkonge walinunua kwa pesa ya msimu. Wangoni walikuwa na tumbaku, Wamatengo wa kule Mbinga walikuwa na kahawa, na chama chao cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilikuwapo tangu miaka ya 1930. Msimu ukilipa, watu walijaa madukani kwa Wahindi. Baiskeli zilikuwa zinafika ndani ya makasha, fremu zimefungwa karatasi, spoku zimefungwa vifurushi, gololi kwenye mfuko mdogo. Mwenye duka hakuwa na muda wa kuziunganisha. Alimlipa kijana kwa kila baiskeli iliyosimama. Ukiwauliza mafundi wazee walisomea wapi, wengi shule yao ni ile, sakafu ya nyuma ya duka na kasha lililofunguliwa.

Fundi ninayemzungumzia mimi ni mtoto wa mmoja wa vijana wale. Ana banda lake Mfaranyaki, chini ya mwembe, na hapendi jina lake liandikwe. Basi nitamwita Mzee, kama tunavyomwita.

Mzee alianza kushika spana wakati wa Swala. Vijana wa leo hawaijui Swala. Ilikuwa baiskeli ya Kitanzania, ya kampuni ya umma iliyoitwa NABICO, Dar es Salaam. Tulitaka tuache kutegemea Nottingham, na mimi sioni ubaya wa kutaka hivyo. Shida ilikuja kwingine. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1978 Iddi Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni. Ikawa tairi haipatikani, tyubu haipatikani, sabuni nayo vilevile. Mzee anasema watu walikuwa wanajaza majani makavu ndani ya tairi na kuendesha hivyohivyo, unasikia inavyokwaruza kama mtu anatembea kichakani. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, aliogopa kuonekana na cheni mbili mpya. Aliifukia moja nyuma ya nyumba ndani ya kopo la mafuta ya taa.

Mwaka uliofuata, 1984, serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, hataulizwa kazitoa wapi. Vitu vikarudi madukani, na Phoenix za Shanghai zikaenea kila kona. Phoenix ni chuma kama Raleigh, nzito kama kilo 20, keria yake inabeba gunia la mahindi na mke juu yake. (Samahani, dada zangu, ndivyo ilivyosemwa.) Miaka hiyohiyo ya 1980 lami kutoka Makambako ikatufikia. Kwa mafundi ilikuwa neema. Wakati huo chini ya mwembe ule kulikuwa na mafundi sita.

Sasa yumo Mzee peke yake. Pikipiki zilijaa, kanuni za mwaka 2010 zikazihalalisha kubeba abiria, na wenzake wakahamia kwenye bodaboda, kwenye injini na oili. Yeye alikataa. Alisema injini inapiga kelele, haisikii fundi.

Hapo ndipo alipoingia mshikaji wangu. Tulimaliza naye kidato cha nne, wote hatukuchaguliwa kuendelea. Baba yake mdogo alimpa hela ya pikipiki iliyotumika, aanze maisha. Jamaa akaipeleka China. Alikuwa amemwona Biniam Girmay wa Eritrea kwenye simu, yule aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani. Halafu Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na yeye akatoka kuangalia fainali ile macho mekundu. Pogačar alishinda, lakini jamaa alikuwa anaangalia vile vilima. Akasema, hivi ni kama Lukumburu tu. Nyumbani palichafuka. Baba mdogo mpaka naandika hapa hasemi naye.

Fremu ilipita kwa wakala wa Kariakoo, ikapanda basi, zaidi ya kilomita 900. Nilipoinyanyua nilicheka. Kilo moja hivi! Nyeusi, haina hata jina ubavuni. Ilikuja na foko yake tu. Ringi, usukani na gia za Shimano zilizotumika alizinunua Dar kimojakimoja.

Kaboni haikuzaliwa kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1958 mwanasayansi Roger Bacon alizipata nyuzi zake katika maabara huko Marekani, na miaka ya 1960 Wajapani na Waingereza wakazifanyia kazi, Waingereza wakiwa kwenye maabara ya ndege. Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Unapangwa tabaka juu ya tabaka, unashikishwa kwa gundi, unapikwa kwa joto ndani ya umbo. Mwaka 1986 Greg LeMond alishinda Tour de France akiwa na fremu ya Look yenye mabomba ya kaboni, Mmarekani wa kwanza kuibeba. Baadaye kazi ikahamia Taiwan na China, bei ikashuka, mpaka mtoto wa Mfaranyaki akaweza kuinunua kwa hela ya pikipiki.

Mzee aliigonga kwa ukucha. Ikalia kama kibuyu. "Hii ikikatika naichoma na nini?" Tukamwambia haichomwi, shaba haishiki pale, inazibwa kwa kitambaa cha nyuzi hizohizo na gundi. Akanyamaza. Nadhani hapo ndipo alipoiona kuwa ngeni kweli. Nyundo akaiweka mbali, nje ya banda kabisa. Baiskeli za zamani mkono wa pedeli unashikwa na kota pini, na kota pini haitoki bila nyundo. Kwa kaboni, bolti ya siti inataka nguvu ya nyutoni mita 5 hivi, ukizidisha unaipasua fremu ya watu. Spana ya kupimia nguvu tuliazima gereji moja. Mzee alikuwa anakaza kwa mkono kwanza, kisha anaweka spana ile kuuliza, na spana inajibu kuwa amebakiza kidogo tu.

Ila lililonipeleka kwenye kalamu ni tundu la chini, pale ekseli ya pedeli inapopita. Mshikaji alikuwa anatafuta kwenye simu vikombe vyake vinafungwa kwenda wapi. Mzee hakusubiri. Aliingiza kidole, akapapasa nyuzi za ndani, akachukua kikombe cha upande wa cheni akakizungusha kinyume, kwenda kushoto. Kikaingia laini kama kifuniko cha chupa. "Upande wa cheni ni kushoto. Siku zote ni kushoto. Marehemu baba alinionyesha kwenye Raleigh."

Nilikwenda kusoma. Vipimo vya nyuzi zile, mpaka leo duniani vinaitwa BSA, herufi za kiwanda cha Birmingham kilichoanzishwa mwaka 1861 kutengeneza bunduki, kikaingia kwenye baiskeli baadaye. Raleigh ilikuwa na nyuzi zake, nyembamba zaidi, lakini upande wa cheni nayo ilikuwa kushoto, ili mzunguko wa pedeli usikilegeze kikombe. Kwa hiyo fremu isiyo na jina, iliyopikwa China, ilikuwa na alama ya kiwanda cha bunduki cha Kiingereza, na aliyeisoma kwa kidole ni mtoto wa kijana aliyefungua makasha nyuma ya duka, hapa Songea. Hakuna makumbusho yanayoihifadhi habari hiyo.

Tairi ilitusumbua wiki mbili. Madukani kote wanakwambia tairi namba 28 ipo, na ipo kweli, ya Phoenix. Ya baiskeli za mbio nayo huitwa 28, lakini ringi yake ni milimita 622 na ile ya Phoenix ni 635. Jina moja, watu wawili tofauti. Zikaagizwa Dar tena.

Jumapili ya kwanza jamaa alikwenda Peramiho na kurudi. Watoto wa Lizaboni walimkimbilia wakidhani ni mzungu, kwa sababu ya kofia. Jioni alipita bandani akihema, akaanza kusimulia vilima, upepo, lori lililotaka kumpeleka mtaroni. Mzee hakuuliza muda wala mwendo. Aliigeuza baiskeli magurudumu juu, akazungusha pedeli taratibu, akainamisha sikio karibu na tundu la chini.

"Kuna kitu kinalia," alisema. "Nipe ile spana ya kuazima."