Mdudu wa maji taka na suti yangu

Juzi nimetoka kuchukua suti yangu drai klina, ndani ya daladala harufu ikanikaba. Nilipomuuliza dobi wanatumia nini, akasema perkloroethilini. Basi usiku sikulala, nikazama kwenye kusoma. Wadau, kuna kisa hapa.

Dawa hiyo na ndugu yake traikloroethilini, ya kuondoa grisi kwenye vyuma viwandani, ni nzito kuliko maji. Zikimwagika hupenya chini, zikakaa kwenye maji ya ardhini miaka na miaka. Mwaka 1979 mji wa Woburn, Massachusetts, ulifunga visima viwili vilivyokutwa na traikloroethilini. Tayari kulikuwa na familia mjini humo zenye watoto wanaougua saratani ya damu, na kesi yao ikasikilizwa mwaka 1986.

Je, hakuna kiumbe awezaye kuila sumu hii? Mwaka 1985 Timothy Vogel na Perry McCarty wa Stanford walionyesha kwamba pasipo oksijeni, vijidudu hunyofoa klorini moja baada ya nyingine. Perkloroethilini inazo nne. Zinabaki tatu, mbili, kisha moja. Hapo ndipo pa kuogopa! Hiyo yenye moja ni vinili kloraidi, inayosababisha saratani kwa binadamu. Sheria ya Marekani inaruhusu mikrogramu 5 za traikloroethilini katika lita ya maji ya kunywa, lakini 2 tu za vinili kloraidi. Yaani vijidudu wakiishia njiani, wanakuachia balaa kubwa kuliko la mwanzo.

Mwaka 1989 David Freedman na James Gossett wa Cornell wakaonyesha kuwa safari inaweza kufika mwisho: klorini zote zikatoka, ikabaki ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Sasa nani aliyefanya kazi hiyo? Kumpata kulichukua miaka. Alitoka kwenye tope la mtambo wa maji taka wa Ithaca, na mwaka 1997 Xavier Maymó-Gatell, Stephen Zinder na wenzao wakamtangaza katika jarida la Science: Dehalococcoides. Mchaguzi ajabu! Oksijeni humdhuru, anataka haidrojeni, vitamini B12 anawategemea majirani, na hizo kemikali za klorini anazipumua kama sisi tunavyopumua oksijeni. (Mama husema mimi ndiye nachagua chakula.)

Hata yeye alijikongoja kwenye hatua ya mwisho. Mwaka 2003 Jianzhong He, Frank Löffler na wenzao wakamtangaza nduguye, BAV1, anayeishi kwa vinili kloraidi yenyewe.

Siku hizi mafundi huingiza mafuta ya mimea au molasi ardhini, vijidudu wengine wakayachachusha na kutoa haidrojeni, na pale ambapo Dehalococcoides hayupo, huletwa na kumiminwa kisimani. Kazi huchukua miaka, na lazima wapime vinili kloraidi muda wote. Mwaka 2013 mdudu akapewa jina rasmi la Dehalococcoides mccartyi, kwa heshima ya McCarty.

Desemba 2024 shirika la mazingira la Marekani lilitoa kanuni ya kuiondoa perkloroethilini kwa madobi ndani ya miaka 10. Suti yangu bado naianika dirishani.