Utapiamlo wa ulevi

Utapiamlo wa ulevi ni upungufu wa virutubisho unaompata mtu aliyekunywa pombe kwa wingi kwa miaka. Hausubiri njaa wala ukame. Bonde la Kilombero ni ghala la mchele, mto wake una perege na kambale, na matembele huota hata uani. Hata hivyo katika kata ya Viwanja Sitini, mjini Ifakara, mnywaji anaweza kupungukiwa vitamini kama aliyekaa jangwani.

Sababu ya kwanza ni mlo wenyewe. Gramu moja ya kilevi hutoa kilokalori 7, karibu mara mbili ya wanga. Chupa ya mililita 250 ya pombe kali yenye kilevi asilimia 35 ina takriban kilokalori 480, nguvu inayokaribia ile ya gramu 135 za mchele mkavu, ila haina protini wala vitamini. Mnywaji hasikii njaa, na hela ya mboga imeishia kilabuni. Hata akila, utumbo uliochubuliwa na pombe hufyonza kidogo, kongosho lililoharibika hushindwa kusaga mafuta, ini halihifadhi tena akiba yake, na magnesiamu na zinki hupotelea kwenye mkojo.

Wazee wasemao kwamba pombe ni chakula hawakukosea kabisa. Pombe za nafaka zisizochujwa, kama komoni, hubaki na hamira na sehemu ya vitamini B. Afrika Kusini imeonekana kwamba bia ya jadi ya mtama iliwakinga kwa kiasi walaji wa mahindi dhidi ya pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, mojawapo ya vitamini B hizo. Gongo, pombe kali ya kienyeji, ni habari nyingine. Katika ukenekaji, mvuke hupanda na kilevi na maji, vitamini zikabaki chunguni pamoja na machicha. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa viroba, vipakti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Tanzania kuanzia Machi 1, 2017. Aliyehama komoni akaingia kwenye gongo amepoteza hata kile kidogo alichokuwa akikipata.

Kinachoisha mapema zaidi ni thiamini, yaani vitamini B1. Mwili una akiba ya takriban miligramu 30 tu, inayotosha wiki mbili au tatu. Hapa mchele mweupe wa bondeni hausaidii sana, kwa kuwa thiamini yake nyingi imo kwenye ganda la ndani na kiini, navyo hutoka mashineni na pumba. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliliona jambo hilo kisiwani Java miaka ya 1890: kuku waliolishwa wali mweupe walipooza miguu, na walipopewa mchele usiokobolewa sana wakapona. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Pumba za Ifakara nazo mara nyingi huishia kwa kuku, huku mnywaji akila wali mtupu, bila maharage wala karanga, siku anayokumbuka kula.

Dalili huanza miguuni: ganzi, nyayo kuwaka moto usiku, pengine miguu kuvimba kwa sababu moyo umechoka. Ubongo ukiguswa, hujitokeza hali aliyoieleza Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1881. Mgonjwa akiambiwa afuate kidole kwa macho, macho hutetemeka au hukwama, akisimama hutanua miguu na kuyumba, maneno hayaeleweki. Mrusi Sergei Korsakoff akaeleza, mwaka 1887, kumbukumbu inayobaki imetoboka. Ukimuuliza mgonjwa wa namna hiyo asubuhi alikula nini, atakujibu bila kusita kwamba alikula ugali na kambale kwa kaka yake, ilhali tangu jana yuko wodini. Hadanganyi, ubongo unajaza pengo.

Tatizo kubwa ni kwamba yote hayo yanafanana na ulevi. Majirani husema “kalewa tena”, na hata wahudumu wa afya huweza kupitwa: uchunguzi wa maiti katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wagonjwa wengi hawakutambuliwa wakiwa hai. Anayeendelea kuyumba ilhali hajaonja pombe tangu jana apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huko thiamini huchomwa kwa sindano, kwani vidonge havifyonzwi vya kutosha, na hutangulia au huambatana na dripu ya glukosi. Glukosi peke yake humaliza thiamini iliyosalia na kuzidisha hali.

Upungufu mwingine huja taratibu. Folati ikipungua, damu hupungua na chembe nyekundu huwa kubwa kupita kawaida. Niasini ikikosekana huja pelagra: ngozi ya mikono na shingo huungua juani na kuwa nyeusi, tumbo huendesha, akili huvurugika. Vitamini A ikipungua, mtu haoni vizuri jioni. Lakini vidonge vya vitamini A na vya madini ya chuma visinunuliwe duka la dawa kwa kukisia, kwa sababu vyote viwili hulimbikizana kwenye ini, kiungo kilekile ambacho pombe imekwisha kukiumiza.