Diskasheni: historia ya msuli wa fizikia katika sekondari za Tanzania

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na waliofika kidato cha sita ni 176 tu. Mwalimu Nyerere alizitaja takwimu hizo katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akizilinganisha na 25,000 na 830 waliokuwapo mwaka huo. Waliosoma fizikia walikuwa sehemu ndogo ya hao wachache, na mtihani wao ulitungwa Cambridge, Uingereza. Majibu nayo yalifungwa na kusafirishwa hukohuko kusahihishwa na watu wasiowahi kukanyaga shule za Tabora wala Pugu.

Shule za bweni za wakati huo zilirithi kwa Waingereza desturi ya prepo, yaani saa za jioni za kujisomea. Kengele hugongwa, wanafunzi huingia madarasani, kiranja husimamia ukimya. Kila mtu na daftari lake. Kwa historia au fasihi utaratibu huo uliwafaa wengi. Fizikia ilikuwa na tabu yake: ukikwama kwenye mstari wa tatu wa hesabu, kuukodolea macho kwa saa nzima hakukusaidii kitu. Ndipo prepo ikazaa mwenzake, kikao cha watu watano au sita waliobaki ubaoni baada ya kengele ya mwisho, mmoja ameshika chaki. Wanafunzi wakakiita diskasheni.

Vitabu navyo vilichangia. Cha kidato cha nne kilichoenea kilikuwa cha A. F. Abbott, kilichotoka mwaka 1963. Kwa kidato cha tano na sita walitegemea Nelkon na Parker, cha mwaka 1958. Mpaka leo wahitimu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huvitaja kwa jina la mwandishi tu, kana kwamba Nelkon alikuwa mwalimu wa zamu. Nakala hazikutosha, kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakanakili. Mwenye zamu ya kitabu usiku huo ndiye aliyegeuka mwalimu wa kundi, apende asipende.

Mwanafunzi wa fizikia anayejulikana zaidi duniani kutoka Tanzania alipita katika mazingira hayohayo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friji. Nafasi za kugandishia zilikuwa chache. Mpemba, akihofia kukosa yake, aliingiza maziwa yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano. Darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa alilirudia swali lake, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaudaka utani huo: kila alipokosea hesabu, waliibandika jina lake. Siku moja akaikuta maabara ya biolojia iko wazi, akajaribu mwenyewe kwa bika mbili ndogo za maji. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kuhutubia, Mpemba alisimama akauliza, na wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu jambo hilo chuoni, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana hadi sasa kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walisema hawakupata ushahidi wa kuliunga mkono.

Kisa hiki husimuliwa sana kumsifu Mpemba au kumlaumu mwalimu. Wale wanafunzi wenzake husahaulika. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani, na swali la Mpemba halikuwamo kwenye mtihani. Mkusanyiko wa vijana wanaotafuta alama hujifunza upesi kutenganisha linaloulizwa na lisiloulizwa, na udhaifu huo wa diskasheni haujakoma.

Mtihani wenyewe ulibadilika mikono. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 kuchukua hatua kwa hatua kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo wanafunzi hulitaja kwa ufupisho wake wa Kiingereza, Necta. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980 na Uganda mwaka 1983. Mabadiliko hayo yaliipa diskasheni malighafi mpya: mitihani iliyotungwa hapa nyumbani, mwaka baada ya mwaka, na yenye mtindo unaoweza kusomeka. Kundi likawa na kazi ya kupitia mitihani iliyopita, kuhesabu ni mara ngapi swali la msongo au la lenzi limejirudia, na kugawana mada. Huyu anachukua umeme, yule mawimbi, mwingine joto. Kila mmoja anakwenda kupiga msuli, yaani kujisomea kwa bidii, peke yake, kisha anarudi kuwafundisha wenzake.

Lugha ilikuwa daraja jingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha sayansi kwa Kiswahili, na mtoto alifika sekondari akijua wenzo, egemeo, jitihada na mzigo. Huko akakuta kila kitu kwa Kiingereza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, lakini mtihani haukubadilika. Kwa hiyo ubaoni hesabu huandikwa kwa Kiingereza na maelezo hutolewa kwa Kiswahili. Wengi wameielewa fizikia katika maelezo hayo, si katika notisi.

Chukua jaribio la pendulamu, mgeni wa mara kwa mara. Uzi wa mita moja, mizunguko ishirini, takriban sekunde 40. Mwanafunzi huchora grafu ya mraba wa muda wa mzunguko dhidi ya urefu wa uzi, apate mteremko, na kutoka hapo mchapuko wa mvutano, karibu 9.8. Kosa moja huwaangusha wengi: kuanza kuhesabu "moja" wakati saa inapowashwa, badala ya "sifuri". Aliyefanya hivyo hupima mizunguko 19 huku akigawanya kwa 20, na jibu lake hupanda hadi karibu 10.9. Kosa kama hili kitabuni hupita kimya. Kwenye kundi huonekana papo hapo, kwa kuwa wanne wamepata jibu moja na wa tano amepata lake.

Mzigo wa diskasheni uliongezeka sana baada ya mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza na shule za kata kuenea kila kona. Milango ilifunguka kwa watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba, lakini walimu wa fizikia hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na mahali pengi maabara ilikuwa chumba kitupu. Wengi walifanya mtihani mbadala wa vitendo: kueleza kwenye karatasi majaribio ambayo hawajawahi kuyashika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, asilimia 60 hivi ya watahiniwa walipata sifuri. Yakafutwa na kupangwa upya. Kufikia 2014 nchi nzima ilikuwa kwenye mbio za kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata: fizikia, kemia na biolojia.

Kisha ikaja simu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, makundi mengi yalihamia WhatsApp: picha ya swali, sauti ya dakika mbili, daftari lililopigwa picha chini ya taa. Kidato cha sita walirudi shuleni Juni 1, na mtihani wao ukaanza Juni 29.

Kwa zaidi ya nusu karne diskasheni imeziba mapengo ya vitabu, ya lugha na ya walimu, bila kutengewa hata shilingi. Isipewe sifa isiyo yake: kundi la watoto waliokariri kosa moja litalifundishana kwa bidii, na hakuna chaki inayochora mkondo wa umeme ukaonekana kwenye amita. Wakuu wa shule wanaweza kuanza na mambo madogo. Darasa moja liachwe wazi lenye taa, mwalimu wa fizikia apitie hapo hata mara moja kwa wiki, na maabara zilizojengwa kwa michango ya wazazi zifunguliwe wakati wanafunzi wanapozihitaji, si siku ya mkaguzi tu.