Isikilize Injini Kabla Hujalipa: Namna ya Kuiunga Nyaya Ikiwa Juu ya Stendi



Miaka mitatu nyuma shemeji yangu, ambaye hubeba samaki kwa Probox kutoka Malindi hadi Mombasa, alinipigia simu kuwa injini yake imegonga. Fundi wa mtaani akatwambia kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine. Tukachanga, tukatuma pesa kwa simu kwa muuzaji mmoja wa bara, na baada ya siku mbili injini ikafika kwa lori. Ilikuwa imefungwa nailoni, imeoshwa, inang'ara kama sufuria ya arusi. Tulipoifunga iliwaka, na kabla ya dakika kumi ikaanza kugonga vile vile kama ile tuliyoitoa. Muuzaji simu akawa haishiki tena. Gari lilikaa juu ya mawe miezi mitatu, na mwenyewe ana watoto wanne wa skuli.

Mwaka huu injini ilipochoka tena, hatukutuma pesa. Tulipanda treni, mimi, shemeji na mpwa wangu, tukaenda wenyewe Ruiru na Thika. Naandika niliyoyaona huko kwa sababu wengi wetu hununua injini za mtumba, na wengi wetu huzinunua kwa macho na si kwa masikio.

Kwanza kuhusu safari ya injini zenyewe. Nyingi zinatoka Japani, nyengine zinapitia Dubai na Sharjah, na zote zinashuka hapa hapa Kilindini. Halafu zinapanda lori kwenda bara, nasi tunazifuata huko! Tangu Eastern Bypass ifunguliwe, lori likitoka Barabara ya Mombasa halina haja ya kuingia katikati ya Nairobi. Linazunguka na kutokea Ruiru, linakutana na Barabara Kuu ya Thika, ile iliyozinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2012. Ardhi ya kuweka mali ipo, na mafundi wapo tele, kwani Thika ni mji wa viwanda. Magari yameunganishwa pale tangu miaka ya sabini, enzi za Leyland, kiwanda ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Kijana wa jua kali wa Thika anayeunga nyaya za gari huenda amefundishwa na mtu aliyefundishwa kiwandani.

Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea Ruiru alitutazama tulipomwambia tunataka kuisikia injini. "Sheikh, injini ya Japani haijaribiwi. Ukishafunga kwa gari utaisikia." Tukamshukuru, tukaondoka. Wa pili alikuwa muungwana. Alikubali tuache amana, injini ibebwe mpaka kwa fundi wa umeme wa gari Thika, mwendo wa kama kilomita 20 kwa barabara ile ile, na ikikataa tunarudishiwa pesa zetu. Tukaandikiana.

Injini yenyewe ni 1NZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.5 iliyo katika Probox, Fielder na Vitz nyingi mnazoziona barabarani. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanauliza bei ya injini peke yake. Injini ya namna hii bila kompyuta yake ni kipande cha chuma. Nunua injini, gia boksi, kompyuta na kitita chote cha nyaya pamoja, na soketi zake ziwe nzima, hazikukatwa kwa kisu. Gia boksi ina kazi hata kwenye majaribio, maana stata hufungwa kwenye ganda lake. Ukiiondoa, stata haina pa kushika.

Angalia pia aina ya mlango wa hewa. Injini za mwanzo huvutwa kwa kebo ya mafuta, na hizo ni rahisi. Za baadaye mlango unafunguliwa kwa mota ya umeme, na kompyuta inataka kusikia kutoka kwenye kanyagio lenye sensa. Kama ni ya aina hiyo, dai na kanyagio lake. Na kama gari iliyotolewa injini ilikuwa na imobilaiza, yaani kinga ya wizi iliyo ndani ya ufunguo, dai ufunguo na kisanduku chake vilevile. Bila hivyo itawaka sekunde moja mbili na kuzima, au haitawaka kabisa, na wewe utalaumu pampu. Si kila Probox inayo, lakini uliza kabla.

Stendi ya fundi yule ilikuwa ya vyuma vya pembe vilivyochomelewa, na mipira ya kushikia injini ileile ya gari, ili isitikisike ikaanguka. Rejeta ilifungwa mbele na maji yakajazwa, kipande cha ekzosi kikaelekezwa nje ya kibanda. Oili ikapimwa na kunuswa. Kabla ya waya wowote kuungwa alitoa plagi zote nne, akazungusha injini kwa stata bila mafuta, akapima mgandamizo wa kila silinda. Kwa 1NZ-FE nzima mita husoma karibu kilo 15. Ikishuka chini ya 11, au silinda zikipishana kwa zaidi ya kilo moja, rudisha mali ya watu. Zetu zilikuwa juu ya 13 zote. Shemeji akaanza kutabasamu, nikamwambia asubiri.

Sasa nyaya zenyewe. Ukiutazama mkungu ule wa nyaya unaweza kukata tamaa, lakini nyingi ni za sensa na tayari zimeungwa na kiwanda kutoka injini hadi kwenye kompyuta. Usiziguse. Zinazokuhusu wewe ni chache, zile ambazo zamani zilikwenda kwenye gari na sasa zinaning'inia. Kompyuta inataka moto wa betri wa kudumu, kwa ajili ya kumbukumbu yake. Inataka moto wa pili unaokuja ukifungua swichi ya ufunguo. Ikiupata huo, yenyewe inavuta rilei kuu, na rilei hiyo ndiyo inayoirudishia moto wa kufanyia kazi. Moto wa swichi huo huo unakwenda kwenye koili na kwenye nozeli. Kila njia ipitie fyuzi yake. Fundi wetu alitumia za ampea 15, na hakuna waya uliotoka kwenye betri bila fyuzi isipokuwa kebo nene ya stata.

Elewa jambo moja kuhusu nozeli na koili, litakuokoa. Nozeli haifunguliwi kwa kupelekewa moto. Moto unao muda wote swichi ikiwa wazi. Kompyuta inafungua nozeli kwa kuipa upande wa hasi. Mtu akijaribu "kuipa moto" upande wa kompyuta anaichoma kompyuta papo hapo. Koili nazo zina nyaya nne kila moja: moto, hasi, amri kutoka kwenye kompyuta, na jibu linalorudi kuiambia kompyuta kuwa cheche imetoka. Jibu lisiporudi, kompyuta inakata mafuta, nawe utakuta cheche ipo lakini injini inakataa.

Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, usiiache. Fundi alifunga globu ndogo badala yake, na akafunga nyengine ya oili na ya chaji. Ukifungua swichi na taa ya injini ikawaka, jua kompyuta iko macho. Isipowaka, usiguse stata. Rudi kwenye fyuzi, rilei na hasi.

Katika mafuta ndipo ninapogombana na mafundi. Pampu ya gari hili hukaa ndani ya tangi, kwa hiyo kwenye stendi inatumika pampu ya nje yenye kidhibiti presha, karibu baa 3. Wengi huiunga moja kwa moja na swichi kwa sababu ni rahisi. Hapana. Iungwe kwa rilei inayoamriwa na kompyuta, kwani kompyuta hukata pampu injini ikisimama. Ikiwa mpira umechomoka na pampu imeungwa moja kwa moja, itaendelea kurusha petroli juu ya ekzosi ya moto mpaka mtu akumbuke swichi. Kibanda kimoja cha mbao kikiwaka, vya jirani vyote vinafuata. Petroli iwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na betri, na kizima moto kiwe karibu na mkono. Fundi wetu alikuwa na kizima moto, lakini kilikuwa nyuma ya magunia. Tukakitoa.

Adhuhuri ilipoingia tukaenda kuswali, tukaiacha betri ikichaji. Tuliporudi tukajaribu. Injini ikazunguka, ikakohoa, haikuwaka. Tena, na tena. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, tudai pesa tuondoke." Wallahi nami nilikaribia kusema hivyo hivyo. Ile injini ya kwanza ilikuwa bado inanikereketa moyoni.

Fundi hakusema neno. Alichukua mita, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyengine kwenye mwili wa injini, akamwambia mpwa azungushe stata. Mita ikasoma karibu volti 2. Hapo inatakiwa isome chini ya nusu volti. Maana yake kebo ya hasi ilikuwa haishiki vizuri, na kompyuta ilikuwa inakosa umeme kila stata inapozunguka. Akaifuata kebo: ilifungwa kwenye chuma cha stendi, juu ya rangi, na injini yenyewe imekaa juu ya mipira. Hasi haikuwa na njia ya kupita ila kwa nyaya nyembamba. Akaihamishia kwenye bolti ya gia boksi baada ya kuipiga msasa hadi ikang'ara, akaongeza kebo ya pili hadi kwenye mwili wa injini. Jaribio la kwanza baada ya hapo, ikawaka. Tungeirudisha injini nzima kwa sababu ya rangi ya stendi.

Taa ya oili ilizimika ndani ya sekunde mbili tatu, ndivyo inavyotakiwa; ingekaa zaidi tungezima. Tukaiacha ikinguruma dakika 25. Injini ikiwaka usiridhike na ule mngurumo wa mwanzo, maana ile yetu ya kwanza nayo iliwaka vizuri. Ipashe moto hadi mpira wa juu na wa chini wa rejeta yote iwe moto, ujue thamostati imefunguka, na usikilize wakati huo oili imeshakuwa nyepesi. Mlio wa cheni unaoendelea baada ya sekunde chache za kwanza ni dalili ya cheni iliyolegea. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta ni gasketi ya kichwa, lakini yaangalie tangu injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko cha rejeta moto kwa sababu ya udadisi. Mwisho fundi alipima altaneta, ikatoa volti 14.1.

Kwa ndugu zetu wa Lamu na kwengineko wanaotafuta injini za dizeli kwa vyombo vya baharini au mashine za kusaga: 2L, 3L na 5L za zamani za Hiace na Hilux ni raha tupu. Hazina kompyuta ya kuzisumbua. Kebo ya stata, waya wa plagi za kupasha moto, na waya mmoja wa swichi kwenda kwenye kizuizi cha mafuta kilichoko kwenye pampu, basi. Ukikata waya huo injini inazima. Usipoipata kuwaka, toa hewa kwenye mafuta kwanza. Zile za dizeli mpya zenye nozeli za umeme, kama 1KD, ni habari nyengine, zinataka kompyuta zake kama petroli.

Risiti msiiache. Nambari ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa hiyo ukibadilisha injini lazima mabadiliko hayo yafike NTSA, na utaulizwa umeipata wapi. Tuliipiga picha nambari iliyochongwa kwenye mwili wa injini, na muuzaji akaiandika nambari hiyo hiyo kwenye risiti mbele yetu kabla ya kupokea salio.

Fundi alipoanza kufungua nyaya nilimwomba abandike kipande cha utepe wa karatasi kwenye kila soketi na aandike kwa kalamu inakwenda wapi. Ilichukua nusu saa, na mpwa wangu ndiye aliyeandika. Injini na gia boksi zikapanda lori jioni ile. Kompyuta shemeji alikataa kumwachia dereva. Aliifunga kwa shuka, na tulipopanda treni siku ya pili yake aliipakata mapajani kutoka Syokimau hadi Miritini.