Kalukuluku: mashimo ya shaba ya babu zetu

Wandugu, karibu na Lubumbashi kuna Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Union Minière ilipoanza kuchimba pale mwaka 1911, wakaaji walikuwa wamekwisha kuchimba zamani. Mashimo yao yalikuwapo. Walitoa jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makala katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba.

Mwaka 1957 na 1958, wataalamu walifukua makaburi ya kale kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakakuta misalaba hiyo. Ile ya baadaye ilikuwa midogo, ya kipimo kimoja: ilikuwa feza.

Wachimbaji wale hawakuacha karatasi. Mashimo na makaburi ndiyo yanawashuhudia. Wandugu mliohamishwa, waambieni watoto jina la kijiji na mahali wazee walipozikwa.