Hifadhi ya Taifa ya Saadani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko pwani ya Tanzania bara, kati ya Bagamoyo na Pangani, na ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960. Ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na sasa inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Sehemu yake ya kaskazini, Mkwaja, ilikuwa ranchi ya ng'ombe.

Kwa mgeni anayetoka Ipililo au kwingineko mkoani Simiyu, aliyezoea mbuga kavu zinazopakana na Serengeti, ajabu ya Saadani ni bahari. Tembo, twiga, nyati, kuro na ngiri huishi jirani na mchanga wa ufukwe, ingawa kumkuta tembo akiwa ufukweni kwenyewe ni jambo la nadra kuliko picha za matangazo zinavyodokeza. Simba wapo pia, lakini ni wagumu kuonekana.

Safari ya boti katika Mto Wami ndiyo yenye uhakika zaidi: viboko na mamba majini, mbega mitini, na mikoko karibu na mlango wa mto. Ufukwe wa Madete ni mazalio ya kasa wa kijani.

Kijiji cha Saadani, chenye wavuvi wa kamba, ni bandari ya kale. Mtawala wake, Bwana Heri, aliwapinga Wajerumani hapo mwaka 1889. Kabla ya kusafiri, kumbuka kuwa masika huharibu barabara, hasa Aprili na Mei.